Ubao Mweupe wa Bibi Mwavita

Pemba iliyoloweshwa hunukia kama mvua ya kwanza juu ya vumbi, ila ndani yake mna ubaridi, na nilipoikoroga na uji wa wanga wa muhogo jikoni kwa mama, huko Kindu, ilinukia karibu kama chakula. Pemba ni ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa madonge. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Wabelgiji bado wanatawala, na baba, aliyekuwa seremala, alikuwa amepewa tyubu sita za rangi ya mafuta na mwanamke wa Kizungu aliyetengenezewa naye masanduku ya safari. Hakuna aliyenifundisha kuzitumia. Jaribio langu la kwanza, juu ya ubao mtupu, lilikuwa aibu: mti uliyanywa mafuta, rangi ikafifia, na kandokando pakaenea doa kama la mawese kwenye nguo. Nikaamua peke yangu kwamba ubao lazima ushibishwe kitu kingine kwanza.

Wiki hiyo Bibi Mwavita, mama yake mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kailo, na Ijumaa asubuhi angerudi kwa lori. Alikuwa hajapigwa picha hata moja maishani, nami niliapa kuuchora uso wake kabla hajaondoka. Kuanzia Jumatatu, kila alasiri alikaa mbele yangu kwenye kigoda akichambua majani ya muhogo, akiniita mke mwenzake, kama nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na kuuliza kama uzuri wake umeanza kunitisha. Mimi nilikuwa bado napaka ubao. Tabaka moja, likauke, nilisugue kwa majani ya msasa, kisha jingine. Nilitaka uwe laini kama ganda la yai. Nakiri pia kwamba niliogopa: maadamu ubao haujawa tayari, hakuna ambaye angejua kwamba sijui kuchora.

Jumanne asubuhi nikakuta pembe moja ya ubao imebanduka hadi mti unaonekana. Nikadhani uji ulikuwa mwepesi, nikaongeza wanga. Jumatano zikawa pembe mbili. Nikawashuku panya, nikautundika ubao ukutani. Alhamisi pembe tatu, na chini sakafuni hapakuwa na chenga hata moja. Sikuelewa kitu. Nililaumu unyevu wa mto Lualaba, nikalaumu mikono yangu, nikafikiri hata kwamba nimekosea kuchezea udongo ambao wazee huwapaka watu waliotoka katika hatari. Nilimuuliza mama mdogo Zaina, mdogo wake mama, aliyelala katika chumba kile na mimba yake ya miezi saba, kama ameona panya. Akajibu kwamba hakuona panya yeyote. Na kweli hakuona.

Alasiri hiyo nilirudi na ndoo ya maji nikamkuta mama mdogo amesimama mbele ya ubao, anaparuza kwa ukucha na kulamba kidole. Wanawake wenye mimba kwetu hula pemba. Nilijua hilo tangu utotoni, na bado halikunijia akilini hata mara moja.

"Kumbe wewe njo unakula ubao wangu?" nilimuuliza.

"Mutoto wa ndani njo anaomba," alijibu bila haya. "Na tangu uongeze muhogo, iko tamu kupita ya soko."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akafuta machozi, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha shingo.

"Kuja, muke mwenzangu. Unichore tu juu ya mashimo hayo. Kwani uso wangu hauna mashimo?"

Nikakataa. Nilimsihi abaki mpaka Jumapili, niupake upya. Akaniambia lori halingojei ubao ukauke, na safari hii hakuwa akitania. Ijumaa alipanda juu ya magunia akaenda zake. Mtoto wa mama mdogo hajaachishwa ziwa, ikaja habari kutoka Kailo kwamba bibi amezikwa.

Mchagua jembe si mkulima, wamesema wahenga, na methali hii siipendi kwa sababu inanisema mimi. Leo natandaza turubai mwenyewe, napika gundi ya ngozi, napaka weupe mpaka kidole kinateleza, na wachoraji wenzangu huja kuniuliza nimefanyaje. Kama nimesonga mbele tangu siku zile, sijui. Mara tatu nimeuanza uso wa bibi na mara tatu nimeufuta. Alikuwa na baka jeusi chini ya jicho moja. Mama anasema la kushoto, mama mdogo anaapa ni la kulia. Wakishachoka kubishana hunigeukia mimi niamue, kwa kuwa ndimi niliyekaa naye uso kwa uso alasiri nne. Alasiri zote nne nilikuwa nikitazama ubao.