Kiti cha Pili cha Odhiambo

Mimi sina elimu ya kutungia uongo. Nilifika darasa la tatu, nikashika mwiko wa uashi, na nyumba nyingi za mawe kati ya Gede na Watamu zimepita mikononi mwangu. Haya yalinipata mchana kweupe, miaka ya themanini, na akili zangu timamu. Asiyeamini aache, sitamkimbiza.

Nilikuwa na mwashi wangu, Odhiambo, mtu wa ziwani, Kisumu. Kazi yake safi. Homa ilimshika Ijumaa, Jumapili alfajiri akakata roho katika chumba nilichompa nyuma ya nyumba yangu, Gede. Waashi wenzake wa huko kwao wakanijia. "Mzee, tupe siku nne tuchange, tumpeleke nyumbani. Sisi hatuzikwi ugenini."

Nikawakemea. Sisi huku maiti halazwi ndani usiku. "Mnataka aoze mkichanga?" Kabla ya alasiri nilikuwa nimeshamzika pembeni mwa shamba langu, kwa sanda niliyonunua mwenyewe, na nikajiona muungwana.

Kesho yake nikampelekea mamake simu ya maandishi: Odhiambo amefariki, naja Jumatano kwa ndege. Ndege, ndiyo. Nilitaka wajue mtoto wao hakuwa kwa hohehahe.

Jumatano nikafika uwanjani Malindi. Vile vindege vidogo, hata abiria mwenyewe alipandishwa mizani. Nikapimwa, nikapita. Kisha nikaweka begi la marehemu: mashati mawili, suruali, na pimamaji yake ya kazi. Karani akautazama mshale, akanitazama mimi.

"Mzee, umebeba simiti?"

"Nguo."

"Nguo za nani, za ndovu?"

Watu wakacheka. Karani akatoa nguo moja moja, na pimamaji pia, akarudisha begi tupu mizanini. Mshale pale pale, uzito wa mwanamume mzima. Akaliinua kwa vidole viwili, jepesi. Akaliweka, zito. Akaleta mizani nyingine, yale yale. Kicheko kikakatika. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu akachukua kikapu chake, akasema leo hasafiri.

Ndege ikaniacha. Nilikaa na jua hadi ikapatikana nyingine, na nikalazimishwa kulipia kiti cha pili, kwa ajili ya begi. Nikalipa huku nikifoka.

Nairobi tukabadilisha ndege. Huko juu nikageuka upande wa begi. Wallahi sikuwa nimesinzia. Odhiambo alikuwa ameketi kwenye kile kiti, begi mapajani, ndani ya sanda yangu, na udongo mwekundu wa shamba langu kwenye kope.

"Shikamoo, mzee."

Mimi, ninayejulikana kwa mdomo, nikajibanza dirishani.

"Nguo zangu umezibeba," akasema, taratibu, bila hasira. "Mimi je?"

Nikageuka nimwite mtu. Nilipotazama tena, palikuwa na begi tu.

Tukashuka Kisumu. Ziwa lilikuwa pale karibu, maji mengi yasiyokupwa wala kujaa, nami nikayaona mabaya. Nje ya uzio walisimama watu kama hamsini, wanawake wameshika matawi ya majani, na pikapu iliyotandikwa godoro. Ndipo nikaelewa. Walikuja kumpokea.

Mamake, mwembamba, kichwa wazi, alitazama abiria mpaka mlango wa ndege ukafungwa. Akanijia.

"Wewe ndiye mzee wa Odhiambo?"

"Ndimi, mama. Pole."

"Sanduku litashuka saa ngapi?"

Niambie, wewe ungejibu nini? Nikasema nimeshamzika. Nikataja sanda, nikataja heshima. Hakulia. Aliketi chini, pale pale penye changarawe. Mjomba mmoja akamwambia watazika tunda la yago, ambalo kwao huzikwa badala ya maiti isiyopatikana.

"Hilo ni la aliyepotea majini," mama akasema. "Mwanangu hajapotea. Yuko kwa huyu."

Nilirudi kutafuta kibali cha kumfukua. Ofisi hii, ofisi ile, njoo kesho; mimi, mtu wa darasa la tatu, nikinyenyekea kwa watoto wadogo. Miezi saba. Nikampeleka kwa lori, nimeketi nyuma pamoja naye njia nzima. Tulipoingia bomani kwao nikaonyeshwa kaburi bichi. Mamake alikuwa na wiki tatu ardhini. Wakanambia kila jioni alitoa kiti chake mlangoni, akatazama barabara.

Tukamlaza Odhiambo karibu naye. Hakunitokea tena, na hilo ndilo linaloniuma. Ningependa aje anitukane hata mara moja. Nimejenga nyumba ngapi tangu hapo, na sijapata kulala usingizi wa kushiba katika yoyote.

Nawe uliyeajiri mtu wa mbali, muulize angali mzima, anakula na kucheka, kwao huzikwa wapi. Usingoje akuulize yeye.