Nilimvunja Shemeji Taya kwa Sababu ya Neno "Lugha"

Wewe unayenisoma, keti nikwambie, na usinihurumie. Kosa ni langu lote.

Kila Jumamosi huwafundisha watu wa kanisa letu kompyuta, sebuleni kwangu hapa Rexdale, ughaibuni. Nina subira. Jambo moja naweza kulieleza mara kumi bila kununa. Waulize!

Siku hiyo Kioko, kaka wa mke wangu, alikuja moja kwa moja kutoka shifti ya ghala, uso umemchanua. Jumanne iliyofuata alikuwa na mahojiano ya kazi ya ofisini.

"Shemeji, nimeandika kwenye maombi kwamba najua lugha mbili za programu za kompyuta: HTML na SQL!"

Nikacheka mbele ya wanafunzi wangu. "HTML inapanga tu ukurasa wa mtandao, kama sahani mezani, Kioko. Haipiki. Na SQL ni kuuliza tu stoo ya data ina nini. Waajiri wanatafuta Python, lugha ya kuandikia programu zenyewe. Hizo zako si lugha."

"Wewe ndiwe wa kuniambia lugha ni nini?" akajibu. "Na mtoto wako hawezi kumsalimia nyanya yake kwa Kiswahili kwenye simu? Anza na nyumba yako, mwalimu!"

Sebule nzima ikaangua kicheko.

Jamani! Laptopu ilikuwa mkononi. Nilimpiga nayo usoni, kwa pembe yake. Taya likalia kah! kama kijiti kikavu. Akaanguka kati ya viti, akatema damu na jino. Nikampanda kifuani, nikaendelea kwa ngumi. Wanaume watatu walinivuta, wakashindwa.

Kilichonisimamisha ni sauti ya binti yangu wa miaka saba: "Baba, wacha! Unamuua mjomba!"

Kiswahili safi. Kumbe alikuwa nacho! Siku zote yeye hunijibu kwa Kiingereza, nami sikuwahi kungoja ajaribu Kiswahili.

Jumanne ilimkuta Kioko kitandani hospitalini, taya limefungwa nyaya. Kazi akapewa mwingine. Mke wangu alibandika tangazo la kazi ile kwenye friji, akamchukua mtoto, akahamia kwa Kioko, mji jirani wa Brampton, amuuguze. Nimelisoma mara nyingi mno: "Awe anajua SQL." Python haimo popote.

Sasa nina kesi, na amri ya korti inanikataza hata kumtumia Kioko neno moja la kuomba radhi. Mimi, bingwa wa maelezo!

Mwenzangu, mtu akikuletea alichojifunza, usianze kumweleza. Mwambie, "Fungua kazi yako nione," kisha unyamaze uangalie.