Viganja Alivyovisawazisha Ndolo

Ndolo wa Jericho, mtaa wa Nairobi, alikuwa fundi wa vinyago, na fundi hasa, si hawa wa kubahatisha. Ila hakuweza kuona ufa akauacha. Wateja wa kizungu hawanunui kinyago chenye ufa, kwa hiyo tangu ujana wake alijua kuchanganya unga wa mbao na gundi, kuziba, kupiga msasa, kisha kupaka rangi ya viatu mpaka yeye mwenyewe asijue pengo lilikuwa wapi.

Maisha yake aliyaziba vivyo hivyo. Majirani na watu wa parokia waliamini mama yake yuko Mwingi, analima mbaazi. Kumbe mama huyo, Kathini, alikuwa hapo hapo jijini, Dandora, akiokota plastiki kwenye jaa, kazi iliyomsomesha Ndolo na kumnunulia patasi yake ya kwanza. Vioo na mabati vilikuwa vimemchanachana viganja. Ndolo alimtembelea kwa kujiiba. Aliona haya, tena aliona haya kwa kuona haya, lakini aibu haijawahi kumzuia mtu kusema uongo.

Parokia ilipomwagiza achonge Kristo anayepaa, kwa ajili ya Jumapili ya Kupaa Bwana, alijituma usiseme. Alitoboa alama za misumari, akazitazama, zikamkera. Mtu ataingiaje kwenye utukufu na matundu mikononi? Akayaziba.

Mama yake alitaka kuja kuiona kazi hiyo.

"Mwaitu," Ndolo alimwambia, kwani ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, "njoo, lakini ukae huko nyuma. Mbele watu ni wengi."

Kathini alielewa. Akina mama huelewa mambo ambayo ingekuwa heri wasiyaelewe.

Jumapili ilipofika, kinyago kikafunuliwa na vigelegele vikapigwa. Padre Wasike alikizunguka polepole, akashika kiganja chake kilicholainika.

"Ndolo, makovu ya Bwana yako wapi?"

"Si ameshapaa, Padre? Huko juu hakuna vidonda."

Padre hakucheka. Aliwageukia waumini. "Bwana hakuuvua mwili wetu kama koti la kuazima ndipo apande. Alipanda nao, na makovu yake, akaketi nao mkono wa kuume wa Baba. Hakuona haya kutuita ndugu zake. Kwa hiyo wewe mwenye kovu, una mtu wako kule, na leo hii anakuombea."

"Amina!" sauti ikatoka benchi la mwisho. Kathini alikuwa ameinua mikono yote miwili yenye makovu, na watu wakageuka kuiangalia.

"Karibu sana, mama," Padre akasema. "Umekuja kwa nani?"

Kathini alimtazama mwanawe. Ndolo akatazama viatu vyake.

"Sina mwenyeji, Padre. Nimepita tu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kwa upole, kama anayemfunika mtoto blanketi, na upole huo ndio uliomchoma Ndolo, maana alijua mama yake angeubeba uongo ule mpaka kaburini kwa ajili yake. Akasimama.

"Ni mama yangu," akasema, lakini kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba na hakuna aliyesikia. Ikabidi aseme tena, kwa nguvu. Kwaya ikanyamaza, kanisa zima likamtazama Kathini, naye akaificha mikono yake ndani ya leso aliyojifunga.