Mininga ya Juu ya Korongo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, pale kijijini Mwamgongo, kando ya ziwa, bibi mzaa baba alitukataza kuigusa mininga iliyosimama juu ya korongo, nyuma ya nyumba zetu. Alisema ni miti ya mizimu. "Mkiikata itatoa damu," alituonya, "na mlima utashuka kuidai."

Baba alikuwa fundi wa maboti. Mbao nzuri zilikuwa zimeadimika, na kuzifuata mbali kulimchosha. Asubuhi moja alipanda korongoni na wenzake wawili, nami nikawabebea maji. Shoka lilipozama, utomvu mwekundu ulichuruzika mpaka chini. Nikapiga kelele.

"Ni utomvu tu, Mariamu," baba alisema. Lakini alijifuta mikono kwenye suruali mara mbili, mara tatu.

Bibi alikataa kuifua suruali ile. "Fua mwenyewe," alimwambia, na wiki nzima hawakusemezana. Watu wengine walipoona baba hakudhurika, nao wakapanda na mashoka. Mwaka haukuisha, juu ya korongo pakabaki visiki.

Msimu wa mvua uliofuata, ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne tukasikia ngurumo isiyokatika. Mama alinishika mkono tukakimbia. Bibi alirudi ndani kumchukua mdogo wangu Shabani, aliyekuwa amelala. Tope likafika kabla hawajatoka.

Bibi tulimpata jioni, amekwisha kufa. Shabani hatukumpata. Maji ya ziwa yalikuwa mekundu kwa udongo, na baba aliyazamia siku mbili, hadi wanaume walipomkamata na kumkalisha chini. Hakuunda boti tena.

Leo nimo katika kamati ya msitu ya kijiji. Wataalamu walitueleza kwamba mizizi ndiyo iliyoushikilia mlima, nami nakubali. Naamini bibi alilijua jambo hilohilo, ila hakuwa na maneno mengine ya kulisemea.

Hivi karibuni tulimkuta kijana mmoja msituni na msumeno. Nilimsimulia habari za Shabani na shoka la baba. Akauliza, "Mama, kwani baba yako alikuwa mtu mbaya?"

"Hapana," nikamjibu. "Alikuwa fundi mzuri, mwenye watoto wa kulisha."

Tumepanda mininga upya pale juu. Inakua polepole mno. Ule mnene kuliko yote bado naweza kuuzingira kwa viganja viwili, na chini yake, kwenye mteremko uleule, zipo nyumba wanamolala wajukuu zangu.