Sentensi Iliyofutwa Katika Wasifu wa Baba

Baba alifariki kule Voi wiki ile ile mdogo wangu alipotoka hospitali na mtoto mchanga. Asingeweza kusafiri, na hapa Minnesota hana ndugu mwingine ila mimi, nikabaki naye. Kaka zetu wawili wakubwa na kitinda mimba wetu wako nyumbani. Tukakubaliana wao wamzike baba Jumamosi, sisi tufanye ibada ya kumbukumbu siku hiyo hiyo kanisani kwetu New Hope. Kijitabu cha ibada kikawa kazi yangu.

Wasifu wa marehemu aliuandika baba mdogo, mwalimu mstaafu. Alinitumia kwa simu, nikaupanga pamoja na picha na nyimbo. Ijumaa nilipoamka nikakuta ametuma wasifu mwingine, na ujumbe: "Tumia huu mwanangu. Ule wa kwanza una makosa ya miaka." Hakusema makosa yapi.

Ninafanya kazi ya kukagua mikataba katika ofisi moja Eden Prairie. Mteja akiturudishia mkataba, naubandika kando ya ule tuliompelekea katika programu ya kulinganisha maandishi, nione amegusa wapi. Kilichoondolewa hutokea kwa rangi nyekundu, kilichoongezwa kwa kijani. Mtu anaweza kukuambia amesahihisha nukta tu, kumbe ameng'oa kifungu kizima. Lakini asubuhi hiyo sikuwa namshuku mtu. Nilitaka kujua ni miaka gani nibadilishe, nisipange kijitabu upya. Nikaweka wasifu wa kwanza kushoto, wa pili kulia, nikabofya.

Mwaka alioanza kazi ya reli ulikuwa umesahihishwa. Mwaka wa kustaafu pia. Halafu chini, kwenye aya ya familia, sentensi nzima ilikuwa nyekundu: "Walijaliwa watoto wanne, na wakamlea kama mtoto wao binti wa marehemu dada yake."

Kulia, kwa kijani: "Walijaliwa watoto watano."

Nilidhani programu imekosea. Nikafuta yote, nikabandika tena, nikabofya tena. Wekundu ulikuwa pale pale.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimeusoma wasifu ule kwa macho yangu, tena nikilia, na sentensi ile sikuiona. Labda nilisoma kile nilichokuwa nakijua tayari. Mabinti kwetu tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu. Na mdogo wangu amemchukua baba sura nzima: pua, paji la uso, hata namna ya kucheka akiinamisha kichwa. Wageni walikuwa wakituona pamoja wanasema, huyu kweli wa baba yake, na huyu mwingine je? Basi ni mimi. Nikakumbuka kwamba ni mimi niliyepelekwa kuishi kwa bibi kwa muda, na ni mimi mama aliyekuwa akinichapa zaidi. Kila nilichokumbuka kilikuja kama shahidi dhidi yangu. Na huyo dada wa baba ni nani? Sikuwahi kusikia kwamba baba alikuwa na dada.

Nikampigia baba mdogo. Hakupokea. Nikamwambia bosi wangu siko sawa, nikaendesha gari hadi Hopkins kwenye nyumba ya mdogo wangu, na njiani nikapitiliza njia ya kutoka barabara kuu ambayo naijua kama kiganja changu.

Nilimkuta amekaa kitandani ananyonyesha. Sikumsalimu. Nilimwonyesha picha ya kile kioo cha kompyuta niliyokuwa nimeipiga kwa simu.

"Mimi si mtoto wa baba," nikasema.

Alisoma, akanitazama kama mtu anayepima jambo.

"Dada, kaa kwanza."

"Sitaki kukaa."

"Si wewe," akasema. "Ni mimi."

Nikakaa.

"Bibi aliniambia nikiwa darasa la sita, ananisuka nywele. Mama yangu alifariki siku chache baada ya kunizaa. Baba akanichukua. Nilidhani unajua. Baadaye nilipoona hujui, nikaona nisikubebeshe."

"Miaka yote hii?"

"Nilikuwa na baba na mama, dada. Ningelalamika nini?"

Mimi ndiye mkubwa wake, mimi ndiye niliyemsaidia kujaza karatasi zake za kuja huku, nikalala chumba kimoja naye karibu utoto wetu wote, na nilikuwa simjui. Yeye ndiye aliyenifuta machozi, kwa kitambaa cha mtoto.

Kisha akampigia mama, akaweka sauti wazi.

"Mama, nani aliiondoa ile sentensi yangu kwenye wasifu?"

Kule Voi kulisikika watu wakiimba. Mlango ukafungwa, nyimbo zikafifia. "Ni mimi. Baba yako kabla hajafa alimwomba shemeji aiandike. Mimi nikaogopa. Niliona utasomewa mbele ya watu, ujione mgeni kwenye msiba wa baba yako."

"Bibi aliniambia zamani, mama. Irudishe. Na jina la mama yangu liandikwe. Hata kaburini hajawahi kuandikwa."

Mama akalia. "Haya mwanangu," akasema hatimaye. "Na anisamehe. Nilimpenda sana yule, basi nikashindwa hata kumtaja."

Kesho yake ibadani mchungaji aliisoma sentensi ile, na jina likiwemo. Niliwasikia akina mama waliokaa nyuma yetu wakivuta pumzi. Mdogo wangu hakutikisika. Alikuwa akimpigapiga mtoto mgongoni. Baada ya ibada, wakati wa chai, mmoja alimwendea na kumwambia, "Pole, hatukujua." Akamjibu, "Asante mama. Karibu mandazi." Mimi ndiye niliyekwenda kujificha jikoni.

Jioni mama akatutumia picha ambayo hatukuwahi kuiona. Msichana mwenye uso wa mdogo wangu kabisa, amesimama mlangoni pa nyumba yetu ya zamani, anacheka akiinamisha kichwa. Kiunoni amembeba mtoto mnene aliyekunja uso kwa jua.

Nikamwandikia mama: Huyo mtoto ni nani?

"Ni wewe," akajibu. "Ulikuwa humwachi. Alipofariki ulikuwa unamtafuta nyuma ya mlango."

Nilimpa mdogo wangu simu asome mwenyewe. Alisoma, akaikuza picha kwa vidole viwili, akautazama uso ule kwa muda mrefu sana. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna chochote ninachokikumbuka.

Nikajaribu, kwa nguvu zangu zote. Sikukumbuka kitu.