Masika Wote Wasimame

Leo nacheka, lakini ile siku ningepata shimo ningeingia. Mimi muzee muzima, musemaji wa familia kwenye harusi zote za kwetu, mutu wa Masisi mwenye mudomo unaosikilizwa hata na wakwe wagumu, nilipata aibu mbele ya watu wa Butembo, hapa hapa Goma, na telefone zote ziko juu zinanichukua picha.

Mutoto wa kaka yangu, Bahati, alikuwa anaoa. Unajua siku ya dot, siku ya kupeleka mahari, muchumba anakaa kimya, ni musemaji ndiye anaomba binti, na binti anafichwa ndani ya nyumba mupaka aitwe. Asubuhi Bahati alinifuata, akataka nijifunze jina kamili ya binti: jina, postnom inayofuata, na prénom ya batizo. Nikakataa. Niko nasema kwenye dot tangu yeye ananyonya, leo anifundishe? Masika inatosha. (Huyo Masika sijamuonaka hata siku moja, lakini hiyo sikumuambia.)

Basi nikasimama, nikarekebisha koti, nikasifu milima yetu na ngombe zetu na maziwa yetu, watu wakapiga makofi, nikamaliza kwa sauti kubwa kwamba tumekuja kumuomba Masika.

Baba ya binti, Muzee Paluku, akageukia watu wake, akasema pole pole: "Masika wote wasimame."

Kumbe kwa Wanande, hao watu wa Butembo, binti wa kwanza wa kila nyumba ni Masika, na ile familia ilikuwa na nyumba mingi! Akasimama shangazi mwenye mvi, akasimama sista wa parokia na rozari yake, akasimama mama mumoja wa kitenge ya kijani, amependeza kabisa, na wengine kule nyuma. Mutu wa akili angeomba musamaha. Mimi nikasahau kwamba binti bado amefichwa ndani, nikapiga hesabu: sista hapana, shangazi hapana, nikanyoosha kidole kwa yule wa kijani. "Ni huyu. Tunamujua tangu zamani."

Bwana yake alikuwa amekaa karibu yangu anakunywa fanta. Akaweka chupa chini, akaniuliza tangu zamani gani.

Wajomba wakainuka. Muzee Paluku akaonyesha mbuzi zetu pale mulangoni, kwamba tunaweza kurudi nazo. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliniuma. "Mumekuja kuchukua mutoto wangu na hamumujue. Mukifika naye kule, mutamuita nani?"

Nikarekebisha koti tena.

Ni Bahati ndiye alisimama, na desturi inamukataza. "Masika Sivasingana Espérance," akasema. "Sivasingana ni jina ya nyanya yake aliyemulea. Espérance ni ya batizo. Muzee, mimi namujua."

Ndani ya nyumba mama mumoja akapiga vigelegele. Muzee Paluku akasema binti atoke, ila mimi nitaongeza mbuzi moja ya kwangu, na kuanzia pale Bahati ajisemee mwenyewe. Akasema vizuri, yule mutoto. Nilikaa chini nikakula.

Bado nasema kwenye harusi, na nasema vizuri, uliza mutu yeyote hapa Goma. Lakini siku hizi siinuke kwenye kiti kabla muchumba hajanifundisha jina, postnom na prénom, na kabla sijajua bwana za watu wamekaa wapi.