Upande wa Jirani

Wiki jana tulipata pancha karibu na Gilgil, mimi na mwanangu, tukirudi nyumbani Nakuru. Kijana wa kuziba pancha alichuchumaa kando ya gurudumu, akafungua nati ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikakataa. Akapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili, akarukaruka, wapi! "Mathe, hii imeshika kabisa," akaniambia huku akijipangusa jasho. Kisha akaimwagia mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya soda. Harufu ile ikanipanda puani, na mimi, ajuza niliyeketi kwenye jiwe na kikombe cha chai mkononi, nikawa na miaka tisa tena.

Kaa vizuri nikueleze. Miaka hiyo ya hamsini tuliishi kwenye shamba la mzungu kule juu Bahati, katika nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja. Baba alikuwa dereva wa trekta. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe unawasikia tu, huwaoni. Mchana jua likitoka, maua ya pareto yaliyoanikwa yalinukia mpaka kichwa kinakuwa chepesi, na ukipanda juu ya tangi la maji uliweza kuliona ziwa kule chini, mstari wa waridi ukingoni kwa sababu ya ndege aina ya heroe. Jioni upepo ulituletea vumbi lake la magadi. Nyanya, mama yake baba, alikuwa akilamba midomo na kusema, "Leo ziwa limekuja kutembea."

Nyuma ya ghala, chini ya mikaratusi, lilisimama lori kuukuu. Mwenye shamba alikuwa amenunua jipya, na hili la zamani lilikaa pale misimu mitatu, mvua yake, jua lake. Baba alikuwa akilipenda jamani! Kila Jumapili alilifanyia kazi, na siku injini ilipokubali kunguruma alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi. Basi mwenye shamba akamwambia: likiondoka hapa kwa magurudumu yake kabla ya Jumamosi adhuhuri, ni lako. Likibaki, nawaita watu wa vyuma chakavu.

Huwezi kujua maneno hayo yalikuwa nini kwa mtu aliyelima maisha yake yote udongo wa mwingine kwa trekta la mwingine. Baba alitaka kubeba viazi kutoka Kuresoi hadi sokoni kwa gari lake mwenyewe. Ni hilo tu alilotaka. Usiku nilimsikia akimwambia mama jinsi atakavyolipaka rangi ya kijani, na mama akimjibu alale.

Kilichobaki kilikuwa magurudumu. Matairi yalikuwa yameoza kwa kusimama, na baba alikuwa amepata mengine yenye nafuu. Lakini ili uvue gurudumu lazima nati zitoke, na nati zilikuwa zimeshikana na bolti zake kwa kutu, kitu kimoja, hata mafuta ya taa hayakusaidia. Hapo ndipo nyanya alipoingia. Alikuwa na bonge la nta ya nyuki la kuzibia nyufa za vibuyu. Alimwambia baba apashe nati moto kwa chuma chekundu, halafu yeye akaigusisha ile nta. Nta ikayeyuka, ikanywewa ndani, moshi ukatoka unanukia asali. "Sasa iache inywe," akasema. "Chuma hakipendi kelele." Tukakaa hapo chini, kaka yangu naye, tukila viazi vya kuchoma, tukingoja nati ishibe. Kazi yangu ilikuwa kuleta makaa kutoka jikoni juu ya jembe bovu, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Kwa njia hiyo, kufikia Alhamisi, upande wote wa kulia ulikuwa umefunguka. Nati zilitoka zikilia kidogo, na nyanya alizipokea kwenye kanga yake kama mayai.

Ijumaa tukahamia kushoto. Loo! Tulipasha moto, tukanywesha nta, tukangoja, tukanywesha tena. Baba akavuta, hamna kitu. Akachomeka paipu la maji kwenye spana ili mkono uwe mrefu, akaning'inia nalo, hamna kitu. Mchana ukapita. Akaning'inia tena kwa hasira, na tukasikia mlio mkali, paa! Bolti ilikuwa imekatika. Baba alianguka kwa mgongo, akabaki ameketi hapo mavumbini, paipu mapajani. Sikuwahi kumwona baba akilia, lakini siku hiyo niligeuza uso ili nisije nikamwona.

Hapo kwenye ua alikuwa amesimama jirani yetu na baiskeli yake ya kupelekea maziwa. Ni lazima nikwambie kwamba yeye na baba walikuwa hawasalimiani. Miezi miwili nyuma, pale mferejini tulipochotea maji, mbele ya wanaume wote, jirani alisema lile lori litafaa sana kwa kufugia kuku. Watu walicheka. Tangu hapo baba akimwona anakohoa na kutazama mlima.

"Na wewe umesimama hapo unatazama nini?" nyanya akamuuliza. "Kama una neno, liseme."

Jirani hakumtazama baba. Alipindua baiskeli yake miguu juu, akatoa spana ndogo mfukoni, akafungua pedali ya kushoto taratibu. Akaizungusha kule ambako mtu mwingine angekuwa anakaza. Ikatoka. "Mama," akamwambia nyanya, "mwambie mwanao hafungui, anakaza. Pedali ya kushoto hufunguka kinyume. Huenda na hilo lori ni vile vile."

Baba alikuwa hatua tano tu kutoka kwake. "Mama, mwambie lori si baiskeli."

"Mwambie nimesikia," akasema jirani.

"Mna masikio nyote wawili," nyanya akawaka, "mimi si karani wenu!"

Jirani akarudisha pedali yake, akasukuma baiskeli, akaenda zake. Baba alimtazama mpaka akapita ghala. Kisha akainuka, akatia spana kwenye nati ya pili, akavuta kule kusikowezekana, kule kwa kukaza. Nati ikalia kriii, ikasogea. Siku nzima, maskini, alikuwa akizikaza kwa nguvu zake zote! Basi baba akatupa paipu akakimbia hadi pembe ya ghala. "Jirani!" akaita. "Jirani, rudi!" Lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa miezi miwili. Alikuwa akicheka, na sauti yake ilikuwa imepasuka.

Jumamosi, kabla jua halijafika utosini, lori lilitoka getini likiwa na bolti moja pungufu. Nyanya alikaa mbele na bonge lake la nta. Jirani alikaa nyuma na baiskeli yake, akiwapungia mkono watu wale waliokuwa wamecheka mferejini.

Tangu hapo nyumbani kwetu kulikuwa na msemo. Kifuniko cha chupa kikikataa, kitasa kikigoma, mtoto akinuna, mama na baba wakizozana, lazima mmoja angesema: jaribu upande wa jirani. Wageni hawakuelewa, na sisi tulicheka. Nyanya alikwenda, baba akafuata, mama, na lori likaishia kuoza kweli. Mwaka jana tulimzika kaka yangu, mtu wa mwisho wa kuucheka msemo huo nami.

Pale Gilgil yule kijana alikuwa bado anang'ang'ana, na maneno yakanitoka yenyewe: "Jaribu upande wa jirani."

"Jirani gani, mathe?"

Nikamgeukia mwanangu nicheke naye. Hakucheka. Ana miaka hamsini na mitano, nimemlea mwenyewe, na alinitazama kama yule kijana alivyonitazama. "Mama, jirani gani?"

Nikatambua kwamba sikuwahi kumwambia. Kijana akaleta mashine yake ya kufungulia nati kwa upepo, ikanguruma, nati ikatoka kwa kufumba na kufumbua. Tulipopita Mbaruk, tukikaribia nyumbani, nikamwambia, "Kaa vizuri nikueleze."